Sura ya Tano: Ujirani wa Furu katika Tangi la Kioo

Samaki wawili wanaofanana kwa umbo, kwa chakula na kwa rangi ndio wepesi kugombana wakiwekwa katika tangi moja, ilhali wanaotofautiana katika mambo hayo, ilmradi mmoja asiweze kummeza mwenzake, mara nyingi huishi pamoja kwa miaka bila kuumizana. Kanuni hiyo, ambayo kwa mfugaji anayeanza huonekana kama imepinduliwa, ndiyo inayojadiliwa katika sura hii, na mifano yake imechukuliwa kutoka Ghuba ya Speke, yaani ule mkono wa Ziwa Victoria unaoingia nchi kavu kuelekea mashariki na kuugusa Mkoa wa Simiyu katika Wilaya ya Busega.

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, na kati ya wilaya zake tano, ambazo ni Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, ni Busega peke yake iliyo na ufuo wa ziwa. Kwa mkazi wa mji wa Bariadi, kwa hiyo, samaki ni kitoweo kwanza: sato na sangara wanaofika sokoni kutoka Lamadi huko Busega, dagaa waliokaushwa, na kambale wanaovuliwa katika malambo ya kunyweshea ng'ombe wakati maji yanapopungua. Furu hatajwi sana katika orodha hiyo. Wavuvi humkuta amechanganyika na dagaa, au humtumia kama chambo cha ndoano za sangara, na mama wa nyumbani humwona kuwa ni samaki mdogo mwenye miba mingi. Hata hivyo ni furu huyu huyu ambaye wapenzi wa samaki wa mapambo huko Ulaya na Marekani humfuga kwa uangalifu mkubwa, na kuna spishi ambazo leo ni rahisi kuziona katika matangi ya kioo ya ughaibuni kuliko ziwani kwenyewe.

Jina furu halimtaji samaki mmoja, kwa kuwa linabeba kundi zima la spishi ambalo wanasayansi huliita haplokromini, ndani ya familia ya sikilidi ambamo sato naye yumo. Katika Ziwa Victoria kundi hilo lilikuwa na spishi zaidi ya 500, nyingi zikiwa na urefu usiozidi sentimita 15, na karibu zote zikiwa hazipatikani mahali pengine popote duniani. Wataalamu wa miamba hukadiria kwamba ziwa hilo lilikauka, kisha likajaa tena takriban miaka 15,000 iliyopita, jambo linaloonyesha kwamba spishi hizo ni changa na ni ndugu wa karibu sana. Udugu huo una matokeo yake ndani ya tangi, kama itakavyoelezwa.

Ujuzi mwingi kuhusu maisha yao ulitokana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, ambao kuanzia mwaka 1977 walifanya kazi katika Ghuba ya Mwanza, Frans Witte akiwa miongoni mwao, na baadaye kwa kushirikiana na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, iliyoundwa mwaka 1980. Walikuja kuwahesabu na kuwapa majina. Wakajikuta wanaandika kumbukumbu ya kutoweka kwao, kwa sababu sangara, aliyeingizwa ziwani katika miaka ya 1950, aliongezeka ghafla katika miaka ya 1980 na kuwamaliza furu wa maji ya kina. Takriban spishi 200 zinadhaniwa kuwa zilipotea. Waliosalimika zaidi ni wale wa mwambao wa mawe, ambako sangara hawezi kuwafuata kwenye nyufa, na hao ndio wanaomfaa mfugaji.

Kati ya vipimo vitatu vya ujirani, cha kwanza ni kinywa. Samaki anayeweza kumeza mwenzake atammeza, hata kama wamelelewa pamoja tangu udogo na hata kama analishwa akashiba, kwani kwa samaki wawindaji ukubwa wa windo ndio unaoamsha hamu ya kuwinda. Miongoni mwa furu wapo wanaokwangua mwani juu ya mawe, wanaochuja wadudu wadogo wanaoelea majini, wanaovunja konokono, wanaochokoa viluwiluwi vya wadudu kwenye nyufa, wanaonyofoa magamba ya samaki wengine, na wanaokula samaki wazima. Wamo pia wa jenasi ya Lipochromis, ambao chakula chao ni mayai na vifaranga vya furu wenzao, wanavyovipora kutoka kinywani mwa mama anayetamia. Mtu anayetaka tangi lenye amani hana sababu ya kumweka mporaji wa namna hiyo, ingawa ni haki kukiri kwamba kwa mtazamaji hakuna furu anayeshangaza kuliko yeye.

Chakula hakiamui tu nani atamla nani. Kinaamua pia kama samaki wawili wanaweza kulishwa kutoka mkono mmoja. Furu wanaokwangua mwani wana utumbo mrefu uliokunjamana, uliozoea chakula chenye majani mengi na mafuta kidogo, na wakipewa nyama nyekundu au chakula kizito cha kunenepeshea samaki huvimba tumbo na kufa. Wanaokula wadudu wana utumbo mfupi na huhitaji protini. Katika tangi la pamoja busara ni kulisha kwa kumzingatia yule mwenye utumbo mrefu, yaani mchicha uliochemshwa na kukatwa vipande vidogo kuwa chakula cha kila siku, na dagaa wasio na chumvi, waliosagwa unga laini, kutolewa kidogo kidogo. Mla wadudu atanufaika na dagaa hao bila kumdhuru jirani yake.

Kuna spishi moja ambayo inastahili kutazamwa kwa karibu zaidi hapa, nayo ni Astatoreochromis alluaudi, furu mnene wa rangi ya manjano iliyochanganyika na kijani, ambaye ziwani huvunja konokono kwa taya la pili lililo ndani ya koo, lenye meno mafupi na butu. Kwa kuwa baadhi ya konokono wa majini ndio wanaobeba vimelea vya kichocho, ugonjwa unaowasumbua sana watu wa Kanda ya Ziwa, samaki huyu aliwahi kupelekwa mbali hadi Kamerun kwa matumaini kwamba angewamaliza konokono kwenye mabwawa. Matumaini hayo hayakutimia. Ilibainika kwamba kifaranga akikulia mahali penye chakula laini, taya lake la ndani hubaki jembamba na misuli yake dhaifu, naye akiwa mkubwa huwaacha konokono na kula vilivyo rahisi. Mfugaji wa Bariadi anayemnunua akidhani atasafisha tangi lake kutokana na konokono lazima ajue kwamba samaki aliyelelewa kwa unga wa dagaa huenda asiiweze kazi hiyo, na kwamba kwa umbo ataishia kuwa mkubwa kuliko majirani zake wote.

Kipimo cha pili ni hasira, na hapa ndipo rangi inapoingia. Dume la furu hushika eneo, kwa kawaida mwanya kati ya mawe, akalilinda na kucheza mbele ya majike wanaopita, huku rangi zake zikiwa zimekolea. Dume aliyenyimwa eneo hufifia, mara nyingine kwa dakika chache tu, mpaka akafanana na jike. Katika Kisiwa cha Makobe, upande wa magharibi wa Ghuba ya Speke, wanaishi jamaa wawili waliochunguzwa kuliko furu wengine wengi: Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la nyererei mwaka 1985 kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere, ambaye dume wake ana mgongo mwekundu na ubavu wa manjano wenye mistari myeusi, na Pundamilia pundamilia, ambaye dume wake ana rangi ya kijivu yenye ubuluu na mapezi ya buluu inayong'aa. Wa buluu hukaa karibu na uso wa maji na kula zaidi viluwiluwi vya kwenye mawe, ilhali wekundu hukaa chini zaidi na kula zaidi vijidudu vinavyoelea.

Ole Seehausen, mtafiti aliyefanya kazi kwa miaka mingi kwenye miamba hiyo, alichapisha mwaka 2004 pamoja na Dolph Schluter matokeo yaliyoonyesha kwamba furu wa jamii zilizo karibu, wenye madume ya rangi moja, hukutwa pamoja kwenye mwamba mmoja mara chache kuliko ambavyo ingetarajiwa kama wangejipanga kwa bahati tu. Maelezo yake ni kwamba dume humwona mpinzani katika rangi: mwekundu humshambulia mwekundu mwenzake kwa bidii kuliko anavyomshambulia wa buluu, na mgeni mwenye rangi tofauti huachwa apate nafasi. Peter Dijkstra na wenzake walipowapambanisha madume maabara waliona zaidi ya hayo: mwekundu akikutanishwa na wa buluu, mara nyingi mwekundu ndiye anayeshinda, na faida yake hupungua mwanga unapobadilishwa ili wekundu wake usionekane vizuri. Kwa mfugaji maana yake ni nyepesi. Katika kila rangi ya madume achague spishi moja tu, na yule mwekundu awe wa mwisho kuingizwa tangini, wengine wakiwa wamekwisha kushika maeneo yao.

Kipimo cha tatu husahaulika, pengine kwa sababu madhara yake hayaleti damu wala mapezi yaliyochanika. Spishi hizi, zikiwa changa kama ilivyoelezwa, zinaweza kuzaliana zenyewe kwa zenyewe na kutoa chotara wenye uwezo wa kuzaa. Ziwani kinachowatenganisha ni macho ya jike, ambaye humchagua dume kwa rangi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 na Seehausen, Jacques van Alphen na Witte ulionyesha kwamba pale maji yalipochafuka kwa tope na mwani, rangi zilififia na mipaka kati ya spishi ikaanza kuyeyuka. Na majike waliowekwa maabara chini ya mwanga wa rangi moja walishindwa kuonyesha upendeleo walioonyesha chini ya mwanga mweupe. Taa za buluu au nyekundu ambazo wauza matangi hupenda kuzifunga ili samaki wapendeze zinaondoa, kwa hiyo, kizuizi pekee kilichobaki. Tangi la furu linahitaji taa nyeupe na maji yanayoonyesha mpaka upande wa pili; lakini hata hivyo ndugu wa jenasi moja, kama hao wawili wa Makobe, wasiwekwe pamoja, kwani majike yao, yote yakiwa na rangi ya udongo yenye mistari, humtatiza hata mtaalamu kuyatofautisha, na jike aliyekosa dume wa kwao hukubali aliyepo.

Vipimo hivyo vitatu vikitumika kwa pamoja, kundi linalofaa huanza kujitokeza. Tangi lenye urefu wa sentimita 120, upana wa 45 na kimo cha 45 hubeba karibu lita 240, na fundi yeyote wa vioo na aluminiamu anaweza kulitengeneza kwa kioo cha milimita 10 na gundi ya silikoni, mradi akumbushwe kutumia silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, kwa kuwa dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Likijazwa maji na mawe litazidi kilo 300, uzito ambao meza ya kawaida ya sebuleni haiuwezi. Humo wanaweza kukaa Pundamilia nyererei, dume mmoja na majike manne; Neochromis omnicaeruleus, mkwanguaji mwani ambaye dume wake ni wa buluu, kwa idadi hiyo hiyo; na Paralabidochromis chilotes, mwenye midomo minene anayoitumia kuziba ufa wa jiwe na kufyonza kiluwiluwi kilichojificha. Huyu wa tatu rangi ya dume wake hubadilika kutoka mwamba mmoja hadi mwingine, hivyo aliyekusudiwa aonwe kwanza, na akiwa mwekundu au wa buluu aachwe. Majike kuwa wengi kuliko madume si anasa: dume mwenye jike mmoja humfukuza bila kupumzika mpaka amuue.

Chini ya mawe pana nafasi ya gogogo mdogo wa ziwa, Synodontis afrofischeri, ambaye hutembea usiku, huokota mabaki ya chakula na hana haja na maeneo ya furu. Wengine wa ziwani hawafai. Sato huanza kama kidole na kuishia kuwa kitoweo cha familia. Kambale hula kila kinachoingia kinywani na huweza kutoka tangini usiku lisipofunikwa. Kamongo, anayefikia urefu wa karibu mita mbili na mwenye taya linalokata, hukaa peke yake au hukaa bwawani. Kuhusu sangara hakuna haja ya maelezo.

Wapo wanaotaka kuchanganya furu na sikilidi wa Ziwa Tanganyika, ambao husafirishwa kutoka Kigoma kwenda nchi nyingi, au na samaki wa dhahabu wenye asili ya China. Tanganyika ina maji yenye alkali nyingi na chumvichumvi kuliko Victoria, na samaki wa dhahabu hupendelea maji baridi kuliko nyuzijoto 24 hadi 27 zinazomfaa furu. Kuishi wataishi kwa muda, lakini mmoja kati yao atakuwa anavumilia, na samaki anayevumilia ndiye anayeugua kwanza.

Maji ya Bariadi yanadai uangalifu wake. Visima virefu katika sehemu nyingi za mkoa hutoa maji yenye chumvichumvi na, hasa Meatu, yenye floridi nyingi, ilhali Ziwa Victoria ni la maji laini. Njia rahisi ni kuchanganya maji ya kisima na maji ya mvua yaliyovunwa kwenye mabati, baada ya mvua ya kwanza kuosha vumbi la paa. Ya bomba yaachwe siku nzima kwenye pipa wazi huku pampu ya hewa ikiyakoroga, ili klorini iondoke. Katika maji yenye alkali na joto, taka za samaki hugeuka kuwa amonia ya aina ile kali inayounguza matamvua, na kwa hiyo kichujio cha sponji kiwashwe wiki nne hadi sita kabla ya samaki wote kuingizwa, ili bakteria wanaoigeuza amonia wapate kuzaliana humo. Baadaye robo ya maji ibadilishwe kila wiki.

Hatari moja ni ya pekee kwa nchi ya pamba kama Simiyu. Viuatilifu vingi vinavyopulizwa mashambani, pamoja na dawa za kupuliza mbu ndani ya nyumba, ni vya jamii ya pairethroidi, ambayo kwa binadamu na ng'ombe haina sumu kubwa lakini kwa samaki huua kwa kiasi kidogo mno. Aliyetoka kupuliza pamba asiingize mkono tangini hata akiwa amenawa, maji ya paa lililo kando ya shamba yasitumike wakati wa kupuliza, na pampu ya hewa izimwe chumba kinapopulizwa dawa, kwa sababu pampu huivuta dawa hiyo na kuisukuma moja kwa moja majini.

Kuwapata samaki wenyewe kunategemea uhusiano na wavuvi wa Busega. Furu aliyetoka kwenye nyavu za dagaa usiku ameparuzwa magamba, na aliyevutwa haraka kutoka kina kirefu kibofu chake cha hewa kimevimba. Wote wawili hufa baada ya siku chache. Afadhali wale wa kina kifupi kando ya mawe, wanaonaswa kwa mtego au kwa ndoano ndogo isiyo na kishikizo. Anayekusudia kuwakamata kwa biashara anahitaji leseni kwa mujibu wa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na ofisi ya uvuvi ya wilaya ndiyo mahali pa kuuliza kabla ya kuteremka ufukweni. Samaki wasilishwe siku moja kabla ya safari, wasafirishwe alfajiri kwa barabara ya lami ya Lamadi hadi Bariadi katika mifuko yenye theluthi moja ya maji na theluthi mbili za hewa, na wakifika wachanganyiwe maji ya tangi kikombe kwa kikombe kwa muda wa saa nzima.

Ndani ya tangi mawe ya granaiti, ambayo Usukumani hayatafutwi mbali, yapangwe kwenye sakafu ya kioo kabla ya mchanga kumwagwa, ili furu anayefukua asiyaporomoshe, na yawe malundo mawili yenye nafasi katikati, kiasi kwamba dume wa lundo moja asimwone wa lundo la pili. Kila anapoongezwa mgeni mawe yapangwe upya, kwa maana mwenyeji aliyepoteza mipaka yake huanza sawa na mgeni. Samaki anayesimama kwenye kona ya juu, rangi imefifia na mapezi yameng'atwa, atolewe siku hiyo hiyo. Kumsubiri apatane na wenzake ni kumsubiri afe.

Kundi likitulia, majike wataanza kuzaa. Jike huchukua mayai kinywani na kuyatamia kwa muda wa wiki tatu hivi, koo likiwa limevimba na chakula akikikataa, na kama vifaranga vinatakiwa ahamishiwe kwenye tangi dogo la peke yake. Vifaranga vitakuwa vingi kuliko nafasi, na baadhi huenda wakawa chotara. Wa asili halisi wanaweza kugawiwa wafugaji wengine wakiwa na maelezo ya mahali walikotoka wazazi wao. Chotara na waliozidi wasimwagwe lamboni wala mtoni, hata kama lambo linaonekana limejifunga, kwa kuwa mvua za masika zinapojaza malambo ya Bariadi maji hufurika kwenye vijito, vijito huingia Mto Simiyu, na mto huo humwaga maji yake katika Ghuba ya Speke. Chotara wa furu ni chakula kizuri cha kuku.